Nani Anaombwa Hapa? Shajara ya Asumbi, Juni 2023

Jumatano, 7 Juni

Mama Mwenyekiti wa CWA, chama chetu cha wanawake Wakatoliki, amenifuata leo hadi shuleni, akakaa, akaweka mkoba magotini. "Mwalimu, wewe ndiye unayefundisha somo la dini, CRE. Tuambie ukweli. Hii yoga ni dini au si dini?"

Chanzo ni mtoto wa dada yangu. Amerudi nyumbani kutoka Nairobi na ameomba ukumbi ili awafundishe akina mama Jumamosi alasiri, hasa wale ambao migongo imewaisha kwa jembe. Aliyemfundisha kule Nairobi alipitia Africa Yoga Project, shirika lililoanzishwa mwaka 2007 na Mmarekani Paige Elenson, ambalo limewachukua vijana wa mitaa ya mabanda na kuwafanya walimu wanaolipwa. Kwa mpwa wangu hii ni kazi, na ni kazi halali, katika nchi ambamo kijana mwenye digrii anazeeka akituma barua za maombi. Silidharau hilo hata kidogo.

Swali la Mama Mwenyekiti nalo silidharau. Tangu Aprili makaburi ya msitu wa Shakahola yanafukuliwa, miili imepita 200, na kila jioni taarifa ya habari inaongeza hesabu. Watu wanaangaliana upya wakisikia neno "mafundisho". Na sisi tuliosoma miaka ya tisini tulikua na hofu hiyohiyo kwa jina jingine: mwaka 1994 Rais Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada za shetani, akaiweka chini ya Askofu Mkuu Nicodemus Kirima, na shuleni kila pete ya ajabu na kila alama ukutani ikawa ushahidi. Lakini nimemkumbusha Mama kwamba waliozikwa Shakahola walikuwa wafuasi wa mhubiri mwenye Biblia mkononi. Hakuna mgeni kutoka India aliyewapeleka msituni.

Akasema, "Ndiyo maana nakuuliza wewe, sikumwuliza mhubiri."

Nimemwomba muda.

Alhamisi, 8 Juni, usiku

Nimemtazama mpwa wangu akifanya yoga yake barazani kabla jua halijawaka vizuri. Miguu peku, mkeka wa mpira, anainama mpaka viganja vinalala chini bila kukunja magoti. Pumzi yake inasikika kooni, ndefu, ya kupimwa, na mwili hauendi popote kabla pumzi haijaenda. Kuku wanampita. Mwisho amekaa, ameunganisha viganja kifuani, ameinamisha kichwa na kusema "namaste".

"Mama mdogo, hapo ndipo wateja wa Westlands kule Nairobi wanapopenda kuliko pote."

"Wanajua wanamwinamia nani?"

"Hawaulizi. Na sisi tulishauriwa tusiingie mambo ya dini, wasije wakaogopa."

Tumezungumza mpaka chai ikapoa. Jina la Patanjali analijua. Nikamweleza niliyoyasoma mimi: Yoga Sutra ni kitabu cha kauli fupi zipatazo 196, na zinazogusa mkao wa mwili ni tatu tu, ambazo hazidai zaidi ya mtu kukaa imara bila kuumia. Nyingi kati ya zilizobaki zinahusu akili na namna ya kuituliza, nidhamu, na kumtolea Ishvara, yaani Bwana, matendo yote. Njia yenyewe ina hatua nane. Ya kwanza ni maagano matano, yama: kutodhuru, kusema kweli, kutoiba, kuzitawala tamaa za mwili, kutojilimbikizia mali. Ya pili ni malezi ya nafsi. Mikao inakuja ya tatu na pumzi ya nne, kisha nne zilizosalia zinapanda kwenye utulivu ambao mwishowe mtu hajioni tena. Darasa la Westlands linaanzia hatua ya tatu na kufunga ya nne. Saa moja imekwisha, watu wanakunja mikeka.

Wenye historia nao wana lao. Swami Vivekananda alipohutubia Bunge la Dini mjini Chicago, Septemba 1893, na alipochapisha Raja Yoga mwaka 1896, aliwapelekea Wamarekani yoga ya akili. Mikao ya hatha hakuipa uzito. Mikao hii tunayoiona kwenye picha ilikolezwa sana miaka ya 1930 katika kasri la Mysore, ambako Tirumalai Krishnamacharya alikuwa akifundisha. Kwake walitoka B.K.S. Iyengar, Pattabhi Jois, na Indra Devi, mwanamke mzaliwa wa Riga aliyefungua darasa Hollywood mwishoni mwa miaka ya 1940. Mtafiti Mark Singleton, katika kitabu chake Yoga Body cha 2010, ameonyesha kwamba gimnastiki za Ulaya, za Denmark hasa, na mazoezi ya YMCA, yalichanganyika humo. Basi anayeuza kila mkao kama urithi wa miaka elfu tano anasema asichokijua.

Wapo wanaochukua ushahidi huohuo na kusema: kumbe ni gimnastiki tu, basi hakuna dini hapa. Hapo nakataa. Krishnamacharya alikuwa mtu wa sala, mcha Vishnu, na madarasa ya mfuasi wa Iyengar mpaka leo yanaanza kwa kumwomba Patanjali. Nyimbo tulizorithi kwa mapadre wa Mill Hill hapa Asumbi zilikuja na sauti za Ulaya, tukazitia maneno ya Kidholuo, na baadaye ngoma zikaingia. Sijamsikia mtu akisema kwamba kwa kuwa sauti ilitoka Ulaya, basi Misa yetu si sala. Mchanganyiko ndio maisha ya kila dini ninayoijua.

Jumapili, 11 Juni

Sherehe ya Mwili na Damu ya Kristo. Maandamano yalitoka kanisani saa nne. Watawa wa Mtakatifu Yosefu walitangulia kwa mistari, watoto wa komunyo ya kwanza wakimwaga maua, padre amefunika mikono kwa shuka jeupe lenye nakshi akiishika monstransi. Kila alipopita, watu walipiga magoti pale walipokuwa, kwenye udongo mwekundu wenye kokoto. Nilikuwa karibu na bibi mmoja wa jumuiya yetu ambaye goti lake la kulia halikunjiki vyema. Alishika fimbo kwa mikono miwili, akateremka upande mmoja, akatua, akainamisha uso mpaka kitambaa kikagusa chini. Kuinuka kulimchukua muda mrefu, na alikataa kusaidiwa.

Hakuna mtu wa Asumbi anayehitaji kuelezwa kwamba mwili unaomba. Ukienda Got Kwer, upande wa Migori, utawakuta Legio Maria, waliotoka katika Kanisa letu mwanzoni mwa miaka ya sitini pamoja na Simeo Ondeto na Gaudencia Aoko. Wamevaa kanzu, rozari mkononi, miguu peku mahali patakatifu. Tunatofautiana nao kwa mengi, lakini sijasikia Mkatoliki wa hapa akisema kwamba magoti ya Legio ni mazoezi ya viungo. Tunajua ni ibada, ndiyo maana tunabishana nao.

Baada ya Misa nikamwendea padre na swali la akina mama. Hakukurupuka. Alinitajia barua ambayo Kardinali Ratzinger aliitia sahihi tarehe 15 Oktoba 1989, kuhusu tafakari ya Kikristo, inayotaja yoga, zen na tafakari ya kupita fikra. Barua haijapiga marufuku. Inasema mbinu hizo zaweza kumsaidia mtu kutulia mbele ya Mungu, na inaonya kwamba mtu akiufanya utulivu wa mwili kuwa ndiyo faraja ya Roho Mtakatifu, amepotea njia na mwili umegeuka sanamu. Padre akaongeza kwamba wamo humohumo Kanisani waliokwenda mbali zaidi pande zote mbili. Mbenediktini mmoja, Jean-Marie Déchanet, aliandika mwaka 1956 kitabu cha yoga kwa Wakristo. Naye Padre Gabriele Amorth, mpunga pepo maarufu wa Roma, mwaka 2011 alisema yoga ni ya shetani.

"Na wewe, Padre?"

"Mimi nataka kujua anayefundisha anasema nini kinywani mwake."

Nimeliona jibu hilo kuwa zuri kuliko nilivyotarajia.

Jumatano, 14 Juni

Leo nimefungua mtaala, na nashangaa kwamba sikuutumia mapema kumjibu Mama Mwenyekiti. Kenya inatahini masomo matatu ya dini: CRE yetu sisi Wakristo, IRE ya Waislamu, na HRE, ambayo inakusanya Wahindu, Wajaini, Wabudha na Masingasinga. Yoga imo ndani ya HRE. Serikali yetu, ambayo haina sifa ya kufikiri sana juu ya mambo ya roho, imeiweka pale wenyewe wanapoiweka, pamoja na maandiko, sikukuu, ibada na adabu. Mtoto wa Kihindu wa Kisumu anafundishwa pranayama, ile hatua ya pumzi, katika somo la dini.

Sasa linganisha na California. Wilaya ya shule ya Encinitas ilipokea dola 533,000 kutoka kwa wakfu uliobeba jina la Pattabhi Jois, ili watoto wa shule za msingi wafundishwe yoga. Wazazi Wakristo wakashtaki. Mwaka 2013 jaji wa kwanza alikubali kwamba mizizi ya yoga ni ya dini, lakini akaona kinachofundishwa shuleni humo si dini. Mwaka 2015 mahakama ya rufaa ikakubaliana naye. Wilaya ilishinda kwa sababu ilikuwa imeondoa kila kitu: maneno ya Kisanskriti yamefutwa, mkao wa yungiyungi umepewa jina la mchezo wa chekechea. Alabama ilikataza yoga shuleni tangu 1993, na ilipoiruhusu mwaka 2021 iliweka masharti hayohayo kwa nguvu ya sheria: majina ya Kiingereza tu, hakuna kuimba mantra, hakuna namaste.

Nimekaa na jambo hili jioni nzima. Ili mtoto wa Kimarekani anyooshe mgongo kwa amani, ilibidi sala ya watu wengine itangazwe mahakamani kuwa si sala. Na hakuna Mhindu aliyekuwa mdai wala mshtakiwa katika kesi ile. Walioshtaki walikuwa Wakristo, walioshtakiwa walikuwa wilaya ya shule, na kitu kilichobishaniwa kilikuwa cha mtu wa tatu.

Mwaka 2010 kulitokea jambo linalonifundisha zaidi. Taasisi ya Wahindu wa Marekani, Hindu American Foundation, ilianzisha kampeni ya kudai kwamba mizizi ya Kihindu ya yoga itambuliwe. Mwaka huohuo Albert Mohler, mkuu wa seminari kubwa ya Wabaptisti wa Kusini, aliandika kwamba Mkristo asifanye yoga kwa sababu haiwezi kutenganishwa na imani iliyoizaa. Pande mbili zisizoelewana kwa lolote, na juu ya asili ya kitu hiki zimesema neno moja. Aliyebaki peke yake ni yule mwenye duka la suruali za kubana. Nasema kwa moyo wangu wote: mwoga wa Alabama anaichukua sala ya Mhindu kwa uzito kuliko anayeichapa kwenye chupa ya maji.

Jumamosi, 17 Juni

Kisumu. Nimekwenda kumwona mzee mmoja mwenye duka la vitambaa ambaye baba yangu alikuwa akinunua kwake sare zetu. Babu yake alifika baada ya reli, na reli ilifika Kisumu Desemba 1901. Kidholuo chake kinanizidi. Aliponiona alisema, "Mwalimu, nyar Asumbi, umekuja na hesabu ya nani leo?"

Nyuma ya duka kuna kabati dogo la mbao. Alivua viatu kabla ya kulifungua, ingawa hakuna aliyekuwa akimtazama ila mimi na kijana wa mzani. Ndani kuna picha ya Krishna, kibakuli cha shaba, ua moja jekundu lililonyauka kidogo, na mala, shanga 108 zilizong'arishwa na vidole. Kila alfajiri anakaa hapo, au nyumbani kwake, anapumua kwa mpango, anahesabu jina la Mungu shanga kwa shanga. "Hiyo ndiyo yoga yangu. Miguu yangu haipandi shingoni."

Akanieleza juu ya marehemu mama yake. Alikuwa akitoka uani jua likichomoza upande wa Nandi, anaelekeza uso, anamimina maji kutoka chombo cha shaba polepole huku akilisalimu jua. Nikamwambia kwamba babu wa mama yangu, kwa habari za dani, yaani bibi yangu, alikuwa akitoka alfajiri mbele ya nyumba, analitemea jua mate ya baraka na kuliomba siku iwe ya amani. Wazee wengi wa Kijaluo walifanya hivyo. Wamisionari waliona ni upagani, na kizazi kilichofuata kikaacha. Mzee akanyamaza, kisha akasema, "Basi mama yangu na babu yako walikuwa wakitazama upande mmoja."

Nilikuwa nimemtarajia awe na hasira juu ya Wazungu na yoga yao. Hana, au si ile niliyoitarajia. Mjukuu wake yuko Leicester, mji uliojaa Wahindi waliotoka Kenya mwaka 1968 na Uganda mwaka 1972. Analipa pauni kila wiki kujifunza yoga kwa mwalimu Mwingereza. Mzee anasema mwalimu huyo ni mwema na amemponyesha mjukuu mgongo. Kinachomuuma ni viwili. Mikeka ya darasa lile ina alama ya Om katikati, na watu wanaikanyaga. Halafu mjukuu, alipokuja likizo, alimwuliza babu yake kwa nini hafanyi yoga.

"Niliketi naye hapo kwenye kabati," akasema. "Nikamwonyesha. Akasema, hii si yoga, Nanaji, hii ni kuomba."

Ndani ya matatu, kurudi, sikusikia kelele za muziki.

Jumatano, 21 Juni

Siku ya Yoga Duniani. Umoja wa Mataifa uliitangaza Desemba 2014 kwa ombi la India, na leo Waziri Mkuu Modi mwenyewe ameongoza umati wa watu New York, kwenye uwanja wa makao ya Umoja wa Mataifa. Mpwa wangu alinionyesha kwenye simu. Watu wa mataifa mengi wamekaa kwenye nyasi kwa mistari, wamevaa nyeupe. Hotuba ilisisitiza kwamba yoga ni ya wote, haina hakimiliki wala ada.

Lazima niwe mkweli kwa daftari hili: si Magharibi peke yake inayovua yoga nguo zake. Mwaka 2015, sherehe ya kwanza ilipokaribia, Waislamu wa India walilalamika, na serikali ya Delhi ikaondoa surya namaskar, salamu ile ya jua, kwenye ratiba rasmi. Dola inapotaka kitu kipokelewe na watu wote, inakifuta uso. Naelewa sababu, na kwa Waislamu wale naona ilikuwa haki. Mtoto asilazimishwe kulisujudia jua la mwingine. Lakini hapo dawa ingekuwa kutowalazimisha, na maana ya kitendo ikabaki palepale. Mama wa yule mzee hakuwa akinyoosha mgongo.

Nimemwambia mpwa wangu ninachofikiri. Afundishe. Migongo ya akina mama inauma kweli, na mikao ile inasaidia; nimejaribu mwenyewe. Lakini awaambie kabla ya yote kwamba kitu hiki kimetoka katika sala ya Wahindu, kina hatua nane, na yeye anawafundisha sehemu ya mbili. Asiseme namaste kama pambo la kufungia. Aache anayetaka kuondoka aondoke akiwa anajua anachokikataa, na anayebaki abaki akijua kwamba amekopa.

"Mama mdogo, wakiondoka wote?"

"Utakuwa umesema kweli, na hiyo ni hatua ya kwanza kabisa."

Hakufurahi. Ana kodi ya nyumba Nairobi. Usiku amekaa na kalamu akiandika jinsi atakavyoanza.

Jumamosi, 24 Juni

Ukumbi. Walikuja wengi kuliko viti. Mpwa wangu alisimama peku mbele ya jukwaa na kusoma karatasi yake kwa Kidholuo, sauti ikitetemeka mwanzoni. Aliposema "sala ya Wahindu" kulikuwa na mnong'ono. Wachache waliinuka, wakaaga kwa adabu na kutoka. Wengi walibaki, si kwa mazoezi, kwa maswali. Hao Wahindu wanamwomba nani? Mungu wao ana mwana? Wanafunga? Mwenye kukaa hivyo kimya anasikia nini? Mama Mwenyekiti aliuliza kama katika hiyo yama ya kutoiba kuna kurudisha kilichoibwa, kwa sababu katika Kitubio kipo. Mpwa wangu hakujua, na akasema hajui. Nami sikujua.

Mazoezi yenyewe yalikuwa mafupi sana mwishoni, mabega na kiuno tu, wote wamekaa kwenye mabenchi. Mama Mwenyekiti hakufanya. Alikaa pembeni akishika rozari yake na kutazama, na alipotoka aliniambia ukumbi unapatikana pia Jumamosi ijayo, ila kwaya inauhitaji kuanzia saa kumi.

Jumatatu, 26 Juni

Nimempigia mzee wa Kisumu nimwulize swali lile la kurudisha. Alicheka kwanza, kisha akazungumza kwa muda mrefu, juu ya deni la duka la mwaka 1971 ambalo baba yake alilipa kwa mtu aliyekwisha kusahau. Nikamwomba aje awaeleze akina mama mwenyewe. Amekubali, shule zikifungwa Agosti, mradi asiombwe kufundisha mikao. Anataka siku nzima kwa hatua ya kwanza.